Sifuri ya Mbele: Jinsi C Inavyosoma Anwani za Mtandao

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo dogo ambalo wengi wanaoandika programu kwa lugha ya C hulipita bila kulitazama mara mbili. Ni kugeuza anwani ya mtandao kutoka maandishi hadi namba ambayo kompyuta inaweza kuitumia. Najua wengine mtasema hiyo ni kazi ya mstari mmoja. Kweli, ni mstari mmoja. Lakini mstari huo mmoja niliuona ukimfanya mama wa watu aitwe mwizi huko kwetu Kangema, kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Nitaanza na mambo ya msingi kwa wale ambao C si lugha yao. Wanaoijua wanaweza kuruka mpaka kwenye hadithi ya maziwa.

Anwani ni nini hasa?

Anwani kama 192.168.1.10 tunaiandika hivyo kwa faida yetu sisi binadamu. Waraka wa RFC 791 wa Septemba 1981, uliofafanua IP toleo la nne, unasema anwani ni biti 32, yaani baiti nne. Kila namba iliyo kati ya nukta ni baiti moja, na ndiyo maana haiwezi kuzidi 255. Ukiiandika anwani hiyo kwa sifuri na moja unapata hivi:

11000000 10101000 00000001 00001010

Ukizisoma biti hizo zote kwa pamoja kama namba moja unapata 3232235786. Hiyo ndiyo anwani yenyewe, na nukta tumeziweka ili macho yetu yapumzike.

Kwa hiyo kila programu inayotaka kuongea na kompyuta nyingine lazima ivuke daraja hili. Mtumiaji anaandika herufi: moja, tisa, mbili, nukta, na kuendelea. Soketi inataka baiti nne. Katikati panahitajika mkalimani.

Mkalimani wa kwanza aliyezoeleka ni inet_addr. Alikuja na 4.2BSD, mfumo uliotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1983, pamoja na soketi zenyewe tunazozitumia hadi leo. Unampa maandishi, anakupa namba. Vitabu vingi vya zamani vya kufundisha soketi vinamtumia yeye, na ndiyo sababu bado yumo katika programu nyingi.

Kabla sijaendelea, jambo moja kuhusu mpangilio wa baiti, maana huwachanganya wanaoanza. Sisi kwa Kiswahili tunataja kubwa kwanza: ishirini na tano. Mwarabu, ambaye tulimwazima hiyo ishirini, yeye anasema tano na ishirini. Namba ni ile ile, ila mmoja anaanza na kubwa na mwingine anaanza na ndogo. Mtandao unaongea kama sisi, baiti kubwa inatangulia. Kompyuta nyingi tulizo nazo mezani, za Intel na jamaa zake, huhifadhi baiti ndogo kwanza. Ndiyo maana ukichapisha moja kwa moja namba iliyotoka kwa inet_addr kwenye kompyuta ya Intel, 192.168.1.10 inaonekana kama 167880896 badala ya 3232235786. Usishtuke. Ipitishe kwanza kwenye ntohl ndipo uichapishe. Danny Cohen aliuandika ugomvi huu wa nani atangulie mwaka 1980, na majina yake akayachukua katika hadithi ya Gulliver, ya watu waliopigana juu ya upande gani wa yai uvunjwe kwanza.

Sasa maziwa

Kangema iko Murang'a, upande wa juu, ukiwa unaelekea milima ya Nyandarua. Nchi yenyewe imekatwakatwa na mito. Kila kijiji kimekaa juu ya mgongo wake, na kutoka mgongo mmoja kwenda wa pili kwa miguu ni kushuka mpaka mtoni halafu kupanda tena. Lakini kwa mawimbi ya redio ni rahisi, maana ukisimama juu unauona mgongo wa ng'ambo mbele yako. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya yenyewe iliweka hapa redio ya jamii chini ya mpango wa RANET, jina linalounganisha redio na intaneti, ili wakulima wapate habari za mvua na tahadhari za maporomoko ya ardhi.

Kuna chama kimoja cha ushirika wa maziwa huko ambacho sitakitaja. Wao walitumia hiyo hiyo bahati ya milima. Waliweka antena kwenye vituo vya kukusanyia maziwa, na katika kila kituo mizani ya kielektroniki ikaunganishwa na kisanduku kidogo cha mtandao. Kila siku saa tano asubuhi kompyuta ya ofisini inaviita vituo kimoja kimoja na kuuliza: leo mmepima kilo ngapi? Jibu linaandikwa kwenye faili. Baadaye mhasibu analinganisha na daftari la karani wa kituo. Programu ya kuviita vituo iliandikwa kwa C na fundi fulani ambaye alikwisha kuondoka.

Walianza na vituo saba, na miaka miwili yote ikapita bila tatizo lolote. Oktoba 2018 wakaongeza vituo vitano, vikawa kumi na viwili. Vurugu ikaanzia hapo.

Vituo vya 8 na 9 havikupatikana kabisa. Kila siku programu iliandika "haipatikani", kwa hiyo mhasibu akawa anajaza kilo za vituo hivyo kwa mkono kutoka kwenye madaftari. Vituo vya 10, 11 na 12 vilijibu vizuri, ila hesabu zao hazikukubaliana na madaftari hata siku moja. Mbaya zaidi ilikuwa kituo cha 12. Mara nyingi mizani, kama ilivyoonekana ofisini, ilisema kilo nyingi kuliko zilizokuwa kwenye daftari la karani.

Fikiria wewe ni mwanakamati. Mashine inasema kituo kimepokea kilo 402. Karani ameandika 287. Kilo 115 zimekwenda wapi? Jibu linakuja haraka mdomoni. Karani wa kituo hicho ni mama wa makamo, mwenye watoto shuleni, na kijiji kizima kilikwisha kusikia kwamba anauza maziwa ya ushirika barabarani. Mishahara miwili ilikuwa imekatwa kufidia huo upungufu. Kamati ilikuwa ikae Jumamosi kuamua kama aachishwe kazi.

Mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo ya Desemba. Mwenyekiti wa chama, mzee aliyesoma shule na baba yangu, alinituma mtoto aniite.

"Kijana, wewe si ndiye wa kompyuta?" akaniuliza.

"Ndiyo, mzee."

"Basi nataka uniambie kitu kimoja tu. Hii mashine inaweza kusema uongo?"

Nikamwambia, "Mzee, nionyesheni kwanza daftari na faili za siku moja, nizitazame pamoja."

Tukachukua siku moja, tukaandika hivi kwenye karatasi:

Kituo cha 8: daftari 341, mashine hakuna
Kituo cha 9: daftari 268, mashine hakuna
Kituo cha 10: daftari 402, mashine 341
Kituo cha 11: daftari 315, mashine 268
Kituo cha 12: daftari 287, mashine 402

Hebu na wewe msomaji itazame kabla hujaendelea. Usitazame kituo kimoja, tazama safu mbili kwa pamoja.

Umeona? Zile 402 za mashine katika kituo cha 12 ni zile zile za daftari la kituo cha 10. Zile 341 za mashine katika kituo cha 10 ni za kituo cha 8. Namba zote zilikuwa sahihi, ila zimehama hatua mbili kutoka kwao. Tulipochukua siku ya pili na ya tatu, mambo yakawa yale yale. Hakuna maziwa yaliyopotea. Ofisi ilikuwa inaita kituo cha 12 na anayeitika ni kituo cha 10. Vituo vya 11 na 12 vyenyewe havikuwahi kuulizwa kitu tangu Oktoba.

Sifuri iliyotangulia

Nikafungua faili ya anwani. Ilikuwa imeandikwa kwa usafi sana, kila namba ina tarakimu tatu, safu zimenyooka:

192.168.001.007
192.168.001.008
192.168.001.009
192.168.001.010
192.168.001.011
192.168.001.012

Hilo halikuwa kosa la mtu. Vile visanduku vya mizani vina kioo kidogo, na kwenye kioo hicho anwani inaonyeshwa hivyo hivyo, tarakimu tatu tatu. Vifaa vingi vya viwandani na baadhi ya printa za zamani hufanya hivyo. Mtu aliinakili kama alivyoiona, na mimi au wewe tungeinakili vile vile.

Halafu nikafungua programu, na katikati yake nikamkuta mzee wetu inet_addr.

Jambo lenyewe ni hili. Inet_addr hasomi namba kwa macho ya mkulima, anazisoma kwa macho ya lugha ya C. Katika C, namba inayoanza na sifuri si ya mfumo wa kumi, ni ya mfumo wa nane. Tabia hiyo ilirithiwa kutoka lugha ya B, iliyoandikwa na Ken Thompson huko Bell Labs kwenye mashine ya PDP-7 iliyokuwa na neno la biti 18. Biti 18 zinagawanyika kwa tatu bila kubaki kitu, na biti tatu ndizo tarakimu moja ya mfumo wa nane, kwa hiyo kwao ulikuwa mfumo wa kawaida kabisa. Sisi tumebaki nao kwenye amri kama chmod 0755 na kwenye mitego kama huu.

Katika mfumo wa nane tarakimu zinaishia 7. Baada ya 7 inakuja 10, ambayo kwetu ni nane. Sasa soma upya ile faili kwa macho ya inet_addr:

001 hadi 007 ni moja hadi saba. Hakuna tofauti, na ndiyo sababu vituo saba vya kwanza vilikwenda salama miaka miwili.

008 na 009 hazipo. Hakuna tarakimu 8 wala 9 katika mfumo wa nane. Inet_addr anakataa, programu inasema kituo hakipatikani.

010 ni nane. 011 ni tisa. 012 ni kumi.

Basi. Hiyo ndiyo hadithi yote ya kilo 115.

Mwenyekiti hakuelewa mara moja, na sikumlaumu. Nikamuuliza, "Mzee, ukimwambia mgeni kutoka London mkutane saa mbili, bila kusema asubuhi wala jioni, atakuja lini?"

Akacheka. "Atakuja saa nane, mchana au usiku wa manane."

"Na wewe?"

"Mimi ni saa mbili asubuhi. Jua limetoka."

"Na saa yako ya mkono itakuwa inaonyesha ngapi?"

Akaitazama. "Nane."

Hapo akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Kwa hiyo hakuna aliyedanganya." Sisi tuliozaliwa huku tunaishi na jambo hili kila siku. Mkono wa saa uko kwenye 8 na mdomo unasema mbili, na hatukosi basi kwa sababu tumekubaliana namna ya kusoma. Ile faili na ile programu hazikuwahi kukubaliana.

Jioni ile tuliondoa sifuri za mbele kwenye faili, tukaipima programu kwa kuviita vituo vyote kumi na viwili. Vya 8 na 9 vikaitika kwa mara ya kwanza. Asubuhi iliyofuata hesabu zikalingana. Jumamosi kamati ilikaa, lakini shauri likawa jingine: kumrudishia yule mama pesa alizokatwa. Alirudishiwa mwisho wa mwezi. Sijui kama zile sentensi zilizosemwa juu yake kisimani na kanisani zilirudishwa zote.

Hatari mbili za inet_addr, na vituko vingine

Turudi kwenye C. Tatizo la kwanza la inet_addr mmeliona: anakubali mfumo wa nane kimya kimya. Anakubali pia mfumo wa kumi na sita ukianza na 0x, na anakubali anwani zenye sehemu pungufu. Ukiwa na Linux jaribu kuandika ping 127.1 uone. Itakwenda 127.0.0.1. Jaribu tena ping 2130706433. Itakwenda pale pale, maana hiyo ndiyo 127.0.0.1 ikiwa namba moja.

Tatizo la pili ni namna anavyokataa. Akishindwa kusoma anarudisha INADDR_NONE, ambayo biti zake zote 32 ni moja. Lakini biti 32 za moja ni anwani halali kabisa, 255.255.255.255, anwani ya kutangazia wote. Kwa hiyo neno lake la "sielewi" na jina la mtu ni kitu kimoja. Programu isiyoangalia itajaribu kuongea na anwani hiyo. Ile ya ushirika ilifanya hivyo hivyo kwa vituo vya 8 na 9, ikashindwa kuunganishwa, ikaandika "haipatikani". Ndiyo maana watu walipanda milimani mara tatu kukagua antena zisizo na ubaya wowote.

Kuna ndugu yake, inet_aton, anayerekebisha tatizo hili la pili, kwa sababu anarudisha jibu la ndiyo au hapana mahali pake peke yake na anwani mahali pengine. Lakini naye anasoma sifuri ya mbele kwa mfumo wa nane, na hayumo katika kiwango cha POSIX.

Kwa sisi wa Afrika kuna mfano mmoja ambao napenda kuwaonyesha vijana. AFRINIC, shirika linalogawa anwani za bara letu kutoka Mauritius, lilitambuliwa rasmi mwaka 2005, na mwaka huo huo likapewa fungu zima linaloanza na 41. Anwani nyingi za Kenya na Tanzania ziko humo. Sasa iandike 41 kwa tarakimu tatu ili safu zinyooke: 041. Katika mfumo wa nane hiyo ni 33. Na fungu la 33 limesajiliwa kwa Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Kwa hiyo sifuri moja ya kupamba inaweza kuitoa pakiti yako Nairobi ikaenda kubisha hodi kwa wanajeshi. Mafungu yetu mengine kama 102, 105, 196 na 197 yana tarakimu tatu tayari, kwa hiyo hayaguswi.

Msidhani pia kwamba huu ni ugonjwa wa programu za zamani za vijijini. Mwaka 2021 watafiti wa usalama waligundua tatizo la sifuri ya mbele katika zana zinazotumiwa dunia nzima. Ilianza na maktaba ya netmask ya Node.js, ikafuata moduli ya ipaddress ya Python, na maktaba za kawaida za Go na Rust. Huko tatizo lilikuwa kinyume cha letu. Wao walikuwa wanaitupa ile sifuri na kusoma kwa mfumo wa kumi, wakati sehemu nyingine za mfumo ziliendelea kusoma kwa mfumo wa nane. Mlinzi wa mlangoni anaona 0177.0.0.1, anasoma 177.0.0.1, anasema huyu ni wa nje, apite. Ndani wanaisoma 127.0.0.1, yaani kompyuta yenyewe. Adui amepita mlangoni akiwa amevaa sifuri. Zana hizo zote zilirekebishwa. Go tangu toleo la 1.17, na Python tangu 3.9.5, huikataa anwani yenye sifuri ya mbele.

Tumia inet_pton

Mkalimani ninayewashauri ni inet_pton. Yumo katika RFC 2553 ya Machi 1999, iliyoandaa soketi kwa ajili ya IPv6, na yumo katika POSIX tangu 2001. Kwenye Linux, iwe kwa glibc au musl, anataka sehemu nne kamili za mfumo wa kumi na hakubali sifuri ya mbele. Programu ndogo ya kujaribia ni hii:

#include <stdio.h>
#include <arpa/inet.h>

int main(int argc, char *argv[])
{
    struct in_addr anwani;
    char maandishi[INET_ADDRSTRLEN];
    int jibu;

    if (argc != 2) {
        fprintf(stderr, "Tumia: %s anwani\n", argv[0]);
        return 2;
    }

    jibu = inet_pton(AF_INET, argv[1], &anwani);
    if (jibu == 0) {
        fprintf(stderr, "Siielewi anwani hii: %s\n", argv[1]);
        return 1;
    }
    if (jibu < 0) {
        perror("inet_pton");
        return 1;
    }

    inet_ntop(AF_INET, &anwani, maandishi, sizeof maandishi);
    printf("%s ni %u\n", maandishi,
           (unsigned) ntohl(anwani.s_addr));
    return 0;
}

Angalieni majibu matatu. Moja maana yake amesoma vizuri. Sifuri maana yake maandishi hayasomeki kama anwani. Hasi moja maana yake umemtajia familia ya anwani asiyoijua. Usiandike if (inet_pton(...)) tu na kuendelea, kwa sababu hasi moja nayo katika C ni kweli. Andika ulinganisho wenyewe.

Ukiipa programu hii 192.168.1.10 itakujibu 3232235786. Ukiipa 192.168.001.010 itakuambia haielewi. Hilo ndilo jibu ambalo yule mama alilihitaji Oktoba. Kama ile programu ingesema "siielewi anwani hii" kwa vituo vyote vitano vipya, kelele ingepigwa siku ya kwanza, mtu angefungua faili, na kazi ingekwisha kabla ya chai. Lakini ilikataa viwili, na kwa vitatu ikabahatisha. Watu walikiamini kile ilichobahatisha kwa sababu kilikuja na namba safi.

Angalieni pia ule mstari wa inet_ntop. Unageuza anwani kutoka baiti kurudi maandishi, na nimeuweka kwa makusudi. Kila programu inayosoma anwani kutoka kwenye faili naomba iandike mahali fulani kile ilichokielewa, si kile ilichopewa. Ni kama M-Pesa inavyokuonyesha jina la mpokeaji kabla pesa hazijatoka. Kama programu ya ushirika ingeandika "namwita 192.168.1.10" kila ilipokiita kituo cha 12, mhasibu mwenyewe, asiyejua C hata kidogo, angeona.

Mwisho, inet_pton huyo huyo anasoma na IPv6. Unabadilisha AF_INET kuwa AF_INET6, unampa mahali pa baiti 16 badala ya nne, basi. Anwani nyingi za IPv6 za Afrika zinaanza na 2c0f. Huko sehemu za kawaida zinasomwa kwa mfumo wa kumi na sita, kwa hiyo sifuri ya mbele haibadilishi kitu. 000a na a ni kitu kimoja. Ugomvi wetu wa leo haupo kwa sehemu hizo.

Kazi ya nyumbani: chukua programu yoyote ya C uliyo nayo au uliyorithi, uitafute inet_addr ndani yake kwa grep. Ukimkuta, tazama anwani anazosoma zinatoka wapi. Kama zinatoka kwa binadamu, au kwenye faili iliyoandikwa na binadamu, au kwenye kioo cha kifaa, mbadilishe leo. Ni mistari mitano. Halafu waonyeshe wanaotumia hizo hesabu kile programu ilichokisoma, maana wao ndio wanaolipa ikisomwa vibaya.

Wakati mwingine Mungu akipenda nitaandika juu ya getaddrinfo, ambaye kwenye Linux naye bado anasoma sifuri ya mbele kwa mfumo wa nane. Kaeni salama.